Nilivyokuwa Kaka Pole Wodi ya Macho

Jumatatu, 3 Juni
Matroni wa wodi ya macho anastaafu! Kiti chake tunakigombea wawili: mimi, na yule muuguzi tunayemwita Kaka Pole kwa sababu huwapa pole wagonjwa, wageni, hata mlango akiugonga. Matroni kasema vyeti hatazami. Ijumaa atawauliza wagonjwa wanane. Wote wametolewa mtoto wa jicho: jicho moja lina bandeji, la pili bado lina ukungu. Sura zetu hawazioni. Wanatujua kwa sauti tu, maana kanuni ya wodi ni kwamba kabla hujamgusa mgonjwa, ujitaje. Nikawaza wee, mpaka chai ikapoa. Halafu nikacheka peke yangu. Mama mkwe nimeshampigia, nimemwambia kazi ni yangu.

Jumanne, 4 Juni
Mpango ni huu. Matone yanayowasha, natia kwa jina la Kaka Pole. Chai, napeleka kwa jina langu. Nikaanza na bibi wa kitanda cha tatu, fundi cherehani, mkali kama nini. Nikalegeza sauti: ni Kaka Pole, pole bibi, naomba utazame juu. Ili nifanane naye ikabidi nipashe mikono kwanza, nimshike kichwa taratibu, nihesabu mpaka tatu, niinue bandeji kidogo, nivute kope ya chini, nidondoshe, nisubiri. Huyu mwenzangu ana kazi! Bibi akasema leo haikuwasha hata kidogo, Mungu anizidishie. Loo! Kisha nikampelekea chai kwa jina langu, mbiombio kama kawaida yangu, nikasahau kumwambia kikombe nimekiweka upande gani. Kikammwagikia mapajani. Bahati nzuri ilikuwa vuguvugu. Alinitukana mimi na ukoo wangu wote.

Jumatano, 5 Juni
Nikageuza mpango. Matone kwa jina langu, chai kwa jina la Kaka Pole. Kosa! Nikiwa mimi, nina haraka. Mwalimu mstaafu wa kitanda cha tano kalalamika kwamba tone lake limeishia puani. Lakini nilipompelekea chai kama Kaka Pole, nikauongoza mkono wake mpaka kwenye kikombe, akaniombea dua ndefu. Nachukia kuombewa dua kwa niaba ya mtu.

Alhamisi, 6 Juni
Kaka Pole yuko mapumziko. Asubuhi nikamuuliza bibi, kwa sauti yangu, kama ana tatizo lolote. Hana, niende zangu. Nikarudi nikiwa Kaka Pole, nia yangu nimchoshe kwa maswali mpaka amchukie. Wapi! Akafunguka: jicho linamvuta tangu alfajiri, kichwa kinamgonga, anasikia kichefuchefu. Amenyamaza tu, hakutaka kumwambia yule mwenye mbio. Yaani mimi! Akauliza kama atatunga tena uzi kwenye sindano. Nikaogopa kweli. Mpango wote ukanitoka kichwani, nikakimbilia kwa daktari. Daktari akapima, akasema presha ya jicho imepanda vibaya, tungechelewa, lingepofuka. Wakampa dawa, nikakaa naye mpaka maumivu yakatulia. Tangu hapo kila apitaye anaambiwa Kaka Pole kaokoa jicho la bibi. Nami siwezi kufungua mdomo!

Ijumaa, 7 Juni
Nane kwa nane. Wote Kaka Pole. Naye, kwa huo ukweli wake wa kuudhi, akamwambia Matroni kwamba jana hakuwepo kazini. Matroni akanigeukia. Nikasema pole, Matroni, naomba nieleze. Bibi akaitambua sauti, akaruka kitandani: ndiye huyo! Bandeji ilikuwa imeshatolewa. Akanitazama kwa jicho jipya, juu mpaka chini, akasema alitegemea mtu mwenye sura nzuri zaidi. Kisha akanishika mkono asiuachie. Machozi yalinitoka, nakiri. Matroni akasema mikono ninayo na moyo ninao, ila navitumia nikiwa mtu mwingine tu. Kiti kapewa Kaka Pole. Akanipa pole.

Jumamosi, 8 Juni
Nahamishiwa wodi ya masikio kuanzia Jumatatu. Maneno ya Matroni yamenichoma. Nimejichunguza kwa unyofu kabisa na kosa langu nimeliona: nilitegemea sauti. Huko niendako wagonjwa hawasikii vizuri, wanasoma jina kwenye beji kifuani. Nimeshaulizia ni muuguzi gani wanampenda kuliko wote. Beji yenye jina lake itakuwa tayari kesho mchana.