Mwaliko wa Tatu

Jumamosi, tarehe 6 ya mwezi wa Aban. Kashan.

Uniwie radhi, daftari langu. Miezi minane sikukuandikia. Visingizio ninavyo, lakini havifai kuandikwa. Hapakuwa na la kusema. Mtu aliyefundisha sarufi miaka thelathini na minne akistaafu huamka, husahihisha gazeti kwa kalamu nyekundu, hulala.

Sasa lipo la kusema. Nimo katika basi la ziara ya wastaafu, siku tano: Kashan, milima ya Karkas, Isfahan, Yazd, kisha jangwani. Sikufuata misikiti wala mabustani. Yote nimekwisha kuyaona mara nne. Nimemfuata Turan Khanom, yaani Bibi Turan, aliyefundisha kemia katika shule jirani na yangu. Yeye ni mjane, mimi ni mgane. Binti yake aliyeko Rasht anamtaka ahamie huko kabla ya majira ya baridi, naye amesema ataamua baada ya ziara. Kwa hiyo nina siku tano za kumpa sababu ya kubaki Teheran. Sababu yenyewe ni mimi.

Mpango wa kwanza: kiti. Nilifika kituoni saa nzima kabla ya wenzangu, nikakishika kiti namba tatu, kilichotengana na chake kwa njia ya katikati tu. Akapanda, akanisalimu, akauliza kama goti langu limepona. Analikumbuka goti langu.

Kisha akapanda Mhandisi Golzari, mtu mnene, mchangamfu, mwenye mfuko wa mbegu za alizeti. Akalalamika kwamba mgongo unamuuma na kwamba viti vya nyuma humrusharusha mtu kama maharagwe katika ungo. Nikainuka nusu, kama impasavyo mtu aliyelelewa, nikamwambia kiti hiki ni chake, mimi sistahili hata kukigusa. Kila mtoto wa nchi hii anajua kinachofuata. Yeye anakataa, mimi nasisitiza. Anakataa tena, nasisitiza tena. Anakataa mara ya tatu, naketi.

Golzari akasema, "Mungu akuzidishie umri, Mwalimu," akaketi.

Nimefika Kashan katika kiti namba ishirini na tisa, juu ya gurudumu. Jirani yangu alilala begani kwangu njia nzima. Kule mbele nilimsikia Turan Khanom akicheka.

Hata hivyo, kesho ni milima. Milimani watu huenda kwa miguu, na njia za miguu hazina namba za viti.

Jumapili, 7 Aban. Isfahan, jioni.

Leo Abyaneh. Kijiji chekundu kilichopandana mlimani, vichochoro vya mteremko, upepo wa baridi. Mpango: kuwa karibu naye kila penye ngazi, nikiwa ndani ya koti langu la sufu la kijivu. Mwaka juzi alilisifu. Sijasahau.

Tulishuka basini. Sepideh, binti anayetuongoza, akapuliza kipenga chake na kutukusanya kama kuku. Turan Khanom alikuwa hatua tatu mbele yangu. Ndipo Golzari akanishika ukosi na kusema, "Koti zuri hili, Mwalimu. Wallahi, zuri."

Kitu kikisifiwa, mwenyewe hukitoa. Na aliyekisifu hukataa. Hiyo ndiyo kanuni, nami sikuitunga. Nikamwambia ni lake, halina thamani mbele yake. Akalivaa pale pale. Akasema mikono ni mirefu kidogo, lakini atavumilia.

Turan Khanom akageuka, akamtazama, akasema limempendeza.

Kufika saa sita nilikuwa nikipiga chafya. Sikuzihesabu ngazi. Niliziona zote kupitia machozi, na penye kila ngazi koti langu lilikuwa karibu na Turan Khanom bila mimi kuwamo.

Lakini sikiliza hili. Jioni hii hotelini alinijia na bakuli la tanipu za kuchemsha, mizizi wanayolishwa wenye mafua tangu enzi za bibi zetu. Alikwenda mwenyewe jikoni kuziomba. Nikasema la, asijisumbue. Akasema nile. Nikasema sistahili. Akasema, "Kula, Mwalimu. Usiniletee adabu zako kwenye tanipu." Nikasema mikono yake isitaabike. Akasema mara ya tatu, na safari hii alinitolea macho. Nikala. Alisimama hadi nilipomaliza saba.

Sipendi tanipu. Lakini alinisisitizia mara tatu kamili. Huyu ni mwanamke anayeijua kanuni.

Golzari ana koti. Mimi nimepata tanipu. Kwa hesabu yangu, ninaongoza.

Jumatatu, 8 Aban. Isfahan.

Asubuhi nilisahihisha tangazo ambalo Sepideh alilibandika mlangoni mwa basi. Makosa matano. Akanishukuru kwa sauti isiyokuwa na shukrani.

Mpango wa leo: daraja. Turan Khanom hupenda matao, nami najua idadi yake, mwaka wa kujengwa na jina la aliyejenga. Mto umekauka, lakini watu wanatembea juu ya daraja na kuchungulia chini, kama wanaomstahi mgonjwa. Nilikuwa nimefika tao la kumi na moja aliponikatiza.

Akaniuliza hivi hivi, bila utangulizi: kama ingekuwa ni mimi, ningehamia Rasht?

Hili ndilo swali nililolingojea tangu kiangazi. Jibu nilikuwa nalo. Lakini mtu hamrushii mwanamke mwenye heshima jibu kama mfupa. Kwanza hujishusha. Nikasema uamuzi ni wake, sisi ni nani wa kusema. Nikaongeza kwamba binti yake bila shaka anamhitaji, na hewa ya Rasht inasifiwa. Nilikusudia aseme, "La, Mwalimu, niambie kweli." Hapo ningejishusha tena, aniulize tena, kisha ningesema.

Hakuuliza tena. Alitazama mto usiokuwapo, akasema, "Haya."

Nyuma yetu Golzari alitema maganda ya mbegu, akasema, "Usiende, dada. Kule ni mvua juu ya mvua. Utaota ukungu kama mkate." Turan Khanom akacheka, kisha akanitazama mimi. Nikaendelea na tao la kumi na mbili.

Nimepitia mazungumzo yote kichwani. Sikupata kosa lolote katika sentensi zangu. Na bado nahisi nimekosa.

Jumanne, 9 Aban. Yazd.

Golzari lazima aondolewe. Mpango: vitamutamu. Kabla ya chakula cha mchana nilimpa sanduku zima la vitumbua vya lozi vya Yazd, vilivyogaagazwa katika sukari. Mtu wa umbo lake akila sanduku zima, atalala hadi magharibi, nami nitazunguka mji wa kale pamoja na Turan Khanom.

Alikula viwili. Vilivyobaki akavipeleka kwa Turan Khanom, akisema vimetoka kwangu. Sikuwa nimelitarajia hilo. Kisha akaja kuketi nami uani, chini ya mnara wa kunasa upepo, akanipigapiga gotini. Goti lile lile.

"Mwalimu," akasema, "mimi nilitaka kiti, si mwanamke. Mke ninaye. Amekwenda kwa dada yake Shiraz apumzike na kelele zangu. Na kile kiti chako hakina raha hata kidogo! Siku tatu huyu mama ananihoji habari zako kama polisi. Unakula? Unalala? Kwa nini huzungumzi kama binadamu wengine? Nimjibu nini?"

Nikasema nimekuwa nikizungumza. Nimemweleza matao kumi na saba.

"Matao," akasema. Akatafuna mbegu. Halafu akaniuliza, na safari hii hakutania, kwa umri wetu huu tumebakiza miaka mingapi ya kukataa mara tatu.

Akavua koti ili anirudishie. Nikasema hapana, ni lake. Akalivaa tena.

Jumatano, 10 Aban. Jangwani.

Nimeandaa hotuba. Ilikuwa na sentensi ishirini na mbili. Njiani kutoka Yazd nikaipunguza hadi tisa, kisha nne. Mchanga ulipoanza kuonekana dirishani ilikuwa imebaki moja. Nikaikagua. Ilikuwa sahihi.

Jua lilipoelekea kuzama tulipanda kilima cha mchanga. Kila hatua mbili, moja hurudi chini. Golzari alijitupa chini katikati ya kilima, akatangaza kwa sauti kubwa kwamba amekufa, wenzake wakae wamlilie. Wakakaa. Nadhani alifanya hivyo kwa ajili yangu. Kileleni tulibaki wawili, Turan Khanom na mimi. Alikuwa amevua kiatu akimwaga mchanga.

Nikasema, "Turan Khanom, usiende Rasht."

Akavaa kiatu. Akavua cha pili, akakimwaga. Ninaweza kuapa kwamba mchanga wa kiatu cha pili ulichukua mwaka mzima.

"Siku tano, Mwalimu," akasema. "Milima, misikiti, mabustani, jangwa. Na sentensi moja." Kisha akatabasamu, akasema kwamba ni sentensi nzuri, haikufungwa ndani ya kitambaa cha adabu hata kidogo.

Akanialika. Ijumaa, kwake, chakula cha mchana. Atapika mchuzi wa mboga za majani na maharagwe, atapima mchele wa watu wawili, na mezani tutalizungumza la Rasht. Binti yake atampigia simu jioni, na ni lazima ampe jibu.

Nikasema la hasha, sitaki kumtaabisha.

Akanitazama. Akarudia polepole: "Mwalimu. Ijumaa. Saa saba mchana."

Nikasema itakuwa ni kumsumbua mno, mimi si mtu wa kupikiwa. Alifungua kinywa. Ndipo Sepideh akapuliza kile kipenga chake kilicholaaniwa, watu wote wakaanza kuteremka.

Mialiko miwili! Nimeshuka kilima kile kama kijana.

Ijumaa, 12 Aban. Teheran. Saa tano na nusu asubuhi.

Nimeamka mapema. Nimenyoa. Nimelipiga pasi shati la bluu, viatu vinang'aa. Simu iko mezani, sauti imepandishwa hadi mwisho. Nyumbani kwa Turan Khanom ni mwendo wa dakika ishirini, kwa hiyo muda upo. Uliobaki ni mwaliko wa tatu tu.

Jana hakupiga. Ni dhahiri alikuwa anafua nguo za safari.

Saa tano simu ililia. Alikuwa Golzari. Akauliza kama nimevaa viatu; habari za mwaliko nilimpa basini tukirudi. Nikamweleza hali ilivyo: mialiko miwili imekwisha, mmoja bado. Akaita, "Mwalimu," kama mtu anayemwita aliyelala. Akaniuliza nilijifunza nini jangwani. Nikamjibu kwamba nilijifunza kusema sentensi moja, na nimekwisha kuisema.

Akashusha pumzi. Akasema mchele wa mtu wa pili usiharibike bure, basi atakwenda yeye, tena koti zuri analo.

Nikamwambia karibu sana, nafasi ni yake, mimi sistahili.

Akasema asante, akakata simu.

Bila shaka safari hii alikuwa anatimiza adabu tu. Mtu hachukui chakula cha mwenzake kwa kuambiwa mara moja.

Ni saa sita kasoro kumi. Simu haijalia tena, lakini sina wasiwasi. Mwanamke aliyesisitiza mara tatu kwa ajili ya tanipu hatashindwa kwa ajili ya wali. Nimekaa kitini nimevaa shati na viatu, nisije nikakutwa sijajiandaa. Turan Khanom akishaamua, nitakuandikia.