Babu Aliyezama na Meli

Jumanne, 10 Aprili 2012

Hali mbaya. Jumapili Shangazi Placida anakuja kutoka Ilford kuamua nani amuoe Marcelina, binti wa kaka yake: mimi au Justin. Justin amejitangaza mjukuu wa chifu. Chifu! Babu yangu mimi yuko Tukuyu, na sifa yake kubwa ni migomba.

Mchana nikapita maktaba hapa Peckham. Picha za Titanic ukuta mzima. Leo imetimia miaka mia tangu ianze safari yake ya kwanza. Nikasimama. Babu yangu alikuwa mchochea makaa wa meli hiyo! Nani atakwenda kuuliza chini ya bahari? Nikamtumia shangazi meseji: wiki hii nina majonzi, babu yangu alizama na meli akiokoa watoto. Jina la meli sikulitaja. Hilo nalitunza kwa Jumapili, limpige vizuri.

Jumatano, 11 Aprili

Simu tangu alfajiri. Watu hata siwajui vizuri wananipa pole. Heshima gani hii! Marcelina alilia kwenye simu. Alilia kwa ajili yangu! Hata Justin kaleta pole. Nikapokea zote. Pole ni pole.

Ijumaa, 13 Aprili

Ole wangu. Saa nne asubuhi mlango unagongwa: Shangazi Placida na akina mama kumi na mmoja, khanga viunoni, masufuria, gunia la mchele. Wamekuja kukaa msiba. Wanadhani babu kazama juzi!

Sofa wakaitoa koridoni, mikeka ikatandikwa, kamati ikaundwa. Mwenyekiti wa msiba wangu: Justin. Eti damu ya uchifu, amezoea kuongoza watu. Nilitaka kusema kweli, lakini Marcelina akanishika mkono. Nikaangua kilio. Wali maharage nikala sahani mbili.

Jumamosi, 14 Aprili

Justin alitaka wasifu wa marehemu, ausome kesho kanisani. Akauliza meli gani. Nikajua saa yangu imefika. Nikasimama, nikasema: Titanic.

Justin akahesabu kwa vidole, akauliza baba yangu, aliyezaliwa mwaka hamsini na tano, alipatikanaje. Sijajibu bado, Shangazi Placida ameshapiga simu Tukuyu ampe bibi pole. Akapokea babu mwenyewe, na sauti wote tukaisikia. Akasema hajapanda hata mtumbwi maisha yake yote. Akashukuru kwa kumlilia. Akauliza mwenyekiti ni nani, akafurahi sana kusikia ni mjukuu wa chifu.

Masufuria yakaondoka, wali ndani haujaiva. Shangazi akasema njia ya mwongo ni fupi. Marcelina hakupiga kelele. Alisema tu kwamba babu wa migomba angemtosha kabisa. Kisha akapanda gari la Justin. Imeniuma, na bado inaniuma.

Jumapili, 15 Aprili

Siku yenyewe Titanic ilipozama. Nimetafakari makosa yangu kwa unyenyekevu. Kosa nimeliona: babu kupokea simu.

Nimemwandikia shangazi kwamba yule ni pacha wa marehemu, uchungu umemvuruga, na mwezi ujao anakuja London kuomba radhi ana kwa ana. Meli nimeipunguza ukubwa, na mwaka nimeuacha wazi. Jioni nakwenda kwa mzee Philemon wa kanisani. Mvi anazo za kutosha, na ndevu amesema anaweza kufuga.