Mgomba Bila E

Jumatatu, tarehe 6
Siku akili zinagawiwa, mimi nilipanga foleni mara mbili. Shule niliiacha kidato cha pili kwa kuwahurumia walimu. Leo msitu mzima unanitegemea! Mjomba, mkurugenzi wa shirika letu la kulinda msitu, kaniita ofisini, akafunga mlango, akafunga na dirisha. Kesho anakuja mkaguzi wa hesabu. Sheria haituruhusu kumpa mwanasiasa hata senti, na vitabu vyetu vimejaa neno "mgombea" kama siafu. Mgombea huyo ni rafiki yake mjomba, anautaka ubunge. Neno hilo likitoweka, mkataba wa kudumu ni wangu. Lisipotoweka, nirudi kwa bibi nikachunge kuku.
Nikamwambia mjomba umefika kwa fundi.
Nikakaa kwenye kompyuta, nikafikiri dakika tatu nzima. Ukiondoa e, mgombea anakuwa mgomba. Mgomba ni mmea! Sisi ni watu wa mimea! Nikabonyeza mara moja, wagombea mia na kumi na wawili wakaota majani. Nikajipigia makofi.

Jumanne, tarehe 7
Mkaguzi ni mama mfupi, miwani minene, sauti ya kubembelezea mtoto. Nimempa jina Darubini. Akasoma: fulana mia tatu za mgomba. Akaniuliza, mwanangu, siku hizi mgomba unavaa? Nikamjibu asubuhi kuna baridi, mama. Nauli ya mgomba. Nikasema ungekujaje, kwa miguu? Soda za mgomba na mkewe. Mjomba akaomba kwenda chooni, hakurudi mpaka saa nane. Mgomba alihutubia wananchi uwanjani. Hapo nilikohoa kidogo, nikaeleza kwamba migomba ina lugha yake, sisi wataalamu ndio tunaisikia.
Darubini akacheka mpaka akafuta miwani. Akasema haya, Alhamisi nionyeshe hiyo migomba.
Loo!

Jumatano, tarehe 8
Hatuna mgomba hata wa dawa. Mjomba analia kibali cha shirika kitafutwa. Dada wa mapokezi, ulimi wembe, ananiita Bwana Shamba. Wivu tu!
Bibi anayo migomba kumi na mmoja nyuma ya nyumba. Ndizi zake ndizo zinazomnunulia vidonge vya presha. Kaenda kliniki, nikaona nisimsumbue kwa maswali. Nimeing'oa yote, nikaipanda mbele ya ofisi, mstari umenyooka kama gwaride. Halafu wazo la pili, kubwa kuliko la kwanza: stoo zimebaki fulana! Vitabu vinasema migomba ina fulana? Basi nikaivalisha. Atabisha nini sasa?

Alhamisi, tarehe 9
Darubini alisimama mbele ya mgomba wa kwanza. Kifuani mgombea anatabasamu meno yote thelathini na mawili, na chini yake: NICHAGUENI. Upepo ukapiga. Migomba kumi na mmoja ikaanza kupunga majani na kuomba kura.
Mimi niliivalisha fulana hizo nikitazama shingo na mikono tu.
Darubini akapiga picha kila mmoja, mbele na nyuma. Akasema miaka ishirini ya kazi, hajawahi kupangiwa ushahidi kwa mstari. Akanipa mkono, akanishukuru! Mjomba akakaa palepale kwenye udongo, na suti yake.

Jumamosi, tarehe 11
Kibali kimesimamishwa. Mjomba anaandika maelezo; nikisogea nimsaidie herufi, ananirushia kiatu. Mkataba ndiyo basi. Si neno. Asubuhi kanipigia mgombea mwenyewe, naye vitabu vyake vinakaguliwa, anatafuta kijana mwenye kipaji. Anayo bahati! Safari hii naandika ng'ombe. Ng'ombe anakula, anakunywa, anasafirishwa, anapiga kelele uwanjani. Nani atahoji?
Sijakosea popote. Ila migomba imenyauka, yote kumi na mmoja. Jana bibi alipita ofisini akaitazama, shina moja moja. Hakunigombeza. Aliniuliza tu kama nimekula.