Mdomo wa Senyora

Jumatatu, 4 Novemba

Senyora ameletwa. Paka mweupe, mnene, macho ya kijani, hajawahi kukanyaga mchanga wa nje tangu azaliwe. Odete kamleta mwenyewe kutoka kwao Magomeni hadi hapa kwangu Likombe, ndani ya kikapu, kamfunika kitenge kama mtoto mchanga. Yeye na mama yake, Bi Olinda, wanakwenda Kilambo kumuuguza shangazi. Watarudi Alhamisi ya wiki ijayo. Katika Mtwara nzima, kanichagua mimi!

Masharti ni haya. Mlango ufungwe muda wote. Nyavu za madirisha zisiguswe. Na Senyora hali chakula cha kwenye sahani, hulishwa kwa vidole, kipande kimoja kimoja. Kisha Odete akanitazama usoni, akasema akimkuta paka kama alivyomwacha, Jumamosi ya tarehe 16 nitamvisha pete mbele ya ukoo wake. Akimkuta na kasoro, nisahau. Nilicheka. Yeye hakucheka.

Nampenda mwanamke huyu mpaka nachoka.

Jioni nimekaa na korosho zangu. Nimemwahidi Bi Olinda beseni zima siku ya pete, nyeupe pe, zisizovunjika, zilizobanguliwa na mkwe mwenyewe. Sizichomi, maana moto unazitia weusi. Nabangua mbichi. Kuna watu utomvu wa maganda huwababua mpaka ngozi inatoka. Mimi mtoto wa Newala, vidole vimekomaa tangu utotoni, sisikii kitu. Nilipomaliza nikamlisha Senyora. Kala samaki wote, kalamba na vidole.

Jumatano, 6 Novemba

Balaa! Mdomo wa Senyora umevimba. Chini ya pua pamebabuka, na pembeni mwa mdomo kuna kidonda chekundu. Nimekagua nyumba yote. Mlango umefungwa. Nyavu nzima. Hakuna panya, hakuna waya uliotafunwa. Miba ya samaki niliitoa mwenyewe. Sasa nani kaingia?

Rajabu! Jirani, fundi baiskeli, mtu wa maneno. Mwaka jana alimwambia Odete kwamba hata kuku haishi mikononi mwangu. Nimemfuata kwenye kibanda chake na kumuuliza kistaarabu kabisa kwa nini anampiga paka wa watu. Akasema hana muda na paka. Halafu akaniambia nitazame mikono yangu kwanza. Nikamwambia atazame yake, imejaa grisi. Wateja walicheka. Nadhani walimcheka yeye.

Alhamisi, 7 Novemba

Jana kabla ya kulala nilinyunyiza unga wa muhogo sakafuni, sebule nzima, mpaka mlangoni. Mwizi yeyote, mchawi yeyote, lazima aache nyayo. Mpango safi. Unga wenyewe ulikuwa wa wiki nzima.

Asubuhi nimekuta nyayo za paka. Nyayo zangu. Basi. Na mdomo wa Senyora umezidi!

Nimekaa chini kwenye unga nikamtazama. Nywele zimenisimama. Huyu paka anapigana na kitu kisicho na miguu. Kila usiku mimi nakoroma na yeye yuko vitani, ananilinda, na asubuhi ananilia njaa bila kudai shukrani. Nilimwomba radhi kwa sauti. Nikampa samaki kwa vidole, akasita, akavinusa, akafumba macho, akala. Nimewahi kuona wanaume wazima wakikimbia sindano hospitali. Yeye anatetemeka na bado anakuja. Machozi yalinitoka, naandika hapa kwa sababu hapana wa kunisoma.

Jumatatu, 11 Novemba

Nimerudi jana jioni. Tangu Ijumaa nilikuwa Mikindani kwenye msiba wa mjomba. Senyora nilimwachia Saida, mke wa Rajabu, kwa shingo upande. Nimekuta kidonda kimekauka! Ngozi mpya, ya waridi, na uvimbe umekwisha.

Nimelifikiria jambo hili kwa kina. Jini linamwogopa Saida. Nalielewa kabisa.

Jana hiyohiyo nilikaa na korosho hadi nikafidia siku zote nilizopoteza. Kisha nikamlisha Senyora kwa furaha. Leo asubuhi mdomo umepasuka upya, mbaya kuliko mwanzo. Yaani limesubiri nirudi. Lina shida na mimi binafsi! Sikuwahi kujua kwamba mimi ni mtu mkubwa kiasi hicho.

Jumanne, 12 Novemba

Nimempeleka kwa daktari wa mifugo. Mama mmoja mpole, Daktari Sabra. Kamtazama Senyora mdomoni kwa tochi, kisha akaomba mkono wangu. Akaunusa. Akauliza kama nabangua korosho. Nikasema ndiyo, kila jioni. Akauliza kama namlisha paka kwa mkono huo. Nikasema ndiyo, ndiyo masharti. Akavua miwani. Akanieleza taratibu kwamba ni utomvu wa korosho unaomuunguza paka, kwamba maji matupu hayautoi, kwamba nijipake mafuta kabla ya kubangua, nioshe kwa sabuni baadaye, na ikiwezekana niache kabisa.

Nilimsikiliza kwa heshima. Ila ana kasoro moja katika hoja yake. Ingekuwa korosho, mimi mwenyewe ningeungua. Nilimwonyesha vidole. Akasema vidole vyangu vimekufa. Amesoma sana, lakini mambo ya usiku hayafundishwi chuoni.

Kanipa dawa ya kupaka, kichupa kizuri. Nilibangua korosho kidogo, nikampaka Senyora kwa kidole, mdomo wote, ndani na nje. Aliruka mpaka juu ya kabati. Dawa kali hiyo! Inafanya kazi.

Odete naye anataka picha kila siku. Namtumia ileile ya Jumatatu ya kwanza. Leo kauliza mbona Senyora siku zote amekaa upande mmoja, na mbona nyuma yake kuna bakuli lilelile. Nikajibu kwamba ni paka mwenye msimamo. Akataka kupiga simu ya video. Nikasema bando limekwisha.

Alhamisi, 14 Novemba

Wamerudi.

Odete aliingia, akamwinua Senyora, akauona mdomo. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alikaa kwenye mkeka na paka mapajani, akalia kimyakimya, akasema nimletee viatu aende zake kwa sababu hana nguvu hata ya kunikasirikia. Viatu alikuwa amevivaa miguuni, sikuelewa anataka nini, nikabaki nimesimama. Mambo yote nimeyaona yakiondoka: pete, ukoo, maisha. Nilimweleza habari za jini, lile lisilo na miguu. Bi Olinda akasema, "Nyamaza kwanza, mwanangu."

Kisha likatokea jambo ambalo nitawasimulia wajukuu. Nilikuwa nimeshika kipande cha samaki, nimesahau. Senyora akajitoa mapajani kwa Odete. Akaja kwangu. Mdomo umevimba, anachechemea kwa maumivu ingawa mguu ni mzima, akaja akala mkononi mwangu huku anatetemeka. Mbele ya watu wote! Ngozi yangu ilisisimka kutoka kisigino hadi utosini.

Bi Olinda alimtazama paka, akanitazama mimi. Akaushika mkono wangu akaunusa, kama yule daktari. Akasema mnyama anamjua mtu mkatili na humkimbia. Huyu hakukimbia. Kwa hiyo mimi si mkatili, mimi ni mjinga, na ujinga familia yao wameshauzoea, baba yake Odete alikuwa nao. Akasema pete itakuwepo. Ila kuanzia saa ile nisiguse korosho hata moja mpaka sherehe ipite. Odete akafuta macho, akasema kwa ajili ya Senyora, si kwa ajili yangu.

Nimeapa. Nimepiga magoti. Paka kaniokoa! Kapigana na jini siku kumi, kisha akaniombea uchumba.

Jumamosi, 16 Novemba

Usiku mwingi, lakini lazima niandike. Nimemvisha pete!

Asubuhi palikuwa na tatizo dogo. Beseni halikujaa. Lilikuwa chini ya ukingo kwa kama vidole viwili, na mkwe hawezi kuingia ukweni na beseni pungufu, watu wana macho. Nilitafakari kiapo. Niliapa kwa sababu ya paka, na paka amesharudishwa kwao. Kwa hiyo nikabangua mpaka likafurika. Nikanawa mara mbili, maji safi ya bomba.

Odete alivaa kitenge cha zambarau. Bi Olinda akapokea beseni, akalipitisha kwa wageni, wakashangilia, hata Rajabu alichota, akanitazama kwa wasiwasi na kuuliza zimebanguliwa lini. Wivu tu.

Kisha keki. Mshereheshaji akatangaza kwamba mchumba atamlisha mwenzake kwa mkono. Nilikata kipande, nikakishika kwa vidole, na Odete akafungua mdomo, akafumba macho, akala. Akalamba na sukari kwenye kidole changu, wageni wakapiga vigelegele. Nikampa kipande cha pili. Na cha tatu. Sijawahi kuona kitu kizuri namna ile duniani.

Jumapili, 17 Novemba

Limehamia Magomeni!

Helder, kaka yake Odete, kanitumia ujumbe wa sauti alfajiri. Odete kaamka mdomo umevimba, umebabuka pembeni na chini ya pua, hawezi kunywa hata chai. Mlango wao ulikuwa umefungwa. Madirisha yana nyavu. Bi Olinda amesema nisikanyage pale mpaka aniite, na pete Odete ameivua, iko kabatini, na kuna maneno mengine ambayo Helder aliyasema kwa Kimakua na sikuyaelewa vizuri.

Nimeusikiliza ujumbe nimesimama. Lile jini limemwacha paka, limemfuata Odete usiku wa kwanza tu wa uchumba wetu, na yeye kapambana nalo peke yake, gizani, kwa ajili yangu. Mimi ni nani nipendwe hivi na paka na binadamu?

Siwezi kungoja kuitwa. Dawa ya daktari imebaki nusu kichupa. Mikono mitupu pia siendi, kwa hiyo tangu asubuhi nimekaa nabangua korosho mpya za kumpooza mama mkwe, na sasa mfuko umejaa. Nikifika nitamwomba Odete akae, afumbe macho, nimpake dawa mwenyewe kwa kidole, polepole, ndani na nje. Paka hakunikataa, sembuse mchumba.