Mama Mkwe, Ngiri na Tairi Lisilo na Pancha

Jamani, leo sina uso. Nimeuacha hifadhini Mkomazi, kando ya kichuguu, na sijui kama nitarudi kuuchukua.

Wanaonifahamu wanajua mimi ni dereva wa kupeleka wageni hifadhini, hapa Same. Wanaonifahamu zaidi wanajua kwamba Jumamosi hii barua yangu ya posa inakwenda Mhezi, huko milimani, kwa kina Nakunda, mchumba wangu. Barua imeshaandikwa, bahasha imeshanunuliwa. Kilichobaki ni mimi kuwa na adabu siku chache tu. (Zimenishinda.)

Asubuhi bosi kanipa kazi. Kikundi cha kina mama wa kanisani wametelemka kutoka milimani kuja kuona wanyama. Nafika stendi, nafungua mlango, wa kwanza kupanda ni nani? Mama Nakunda. Mkwe mtarajiwa mwenyewe. Kitenge cha kikundi, kofia ya jua, na mkononi chupa kubwa ya chai imejaa uji.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kumbe leo ndiyo nakuona kazini."

Nikajua huu ni usaili. Akakaa kiti cha mbele, pembeni yangu, na mimi nikajaza kifua. Tulipopita lango nikawageukia abiria. "Mama zangu, humu hakuna kushuka bila ruhusa yangu. Na msiogope. Mnyama yeyote mwachieni mimi." Wakapiga vigelegele. (Hapo ndipo nilipotakiwa kunyamaza maisha yangu yote.)

Shida ilianza na ule uji. Mama akamimina kikombe, akanipa. Uji wa mama mkwe haukataliwi, hata kama umeshiba mpaka kooni. Nikanywa. Nikausifia, kosa kubwa, kwa sababu ukisifia unaongezewa. Tumeona twiga, nimekunywa. Tumeona pundamilia, nimekunywa. Tulipofika kwa choroa chupa ilikuwa tupu na mimi nimejaa.

Barabara za kule mnazijua. Kila shimo lilinikumbusha uji. Nikaanza kufupisha majibu.

"Baba, yule mwenye shingo ndefu ni swala gani?" akauliza mama mmoja wa nyuma.

"Swala."

Abiria wengine wote naweza kuwaambia naomba kuchimba dawa, tukaelewana. Lakini mama mkwe? Umtazame usoni mama wa binti unayemposa, umwambie umebanwa na mkojo? Kwetu Upareni? Bora upasuke. Na kweli nilikuwa napasuka, kwa hiyo nikasimamisha gari.

"Samahani mama zangu, nasikia kama tairi la nyuma limepungua upepo. Nalikagua mara moja. Msishuke."

Tairi lilikuwa zima kabisa, lina upepo kuliko mimi. Nikazunguka nyuma ya gari, nikasogea kidogo mpaka kwenye kichuguu kimoja chenye tundu kubwa chini. Nikatazama kushoto, nikatazama kulia, nikalenga lile tundu. Raha niliyoisikia siwezi kuieleza mbele za watu.

Katikati ya raha hiyo nasikia sauti.

"Mwanangu, spana hii hapa. Usihangaike peke yako."

Ameshuka. Mama wa watu ameona huruma, kachukua spana ya tairi, kashuka kunisaidia, na sasa anazunguka gari ananitafuta. Kabla sijaamua nijibu kwanza au nifunge zipu kwanza, mwenye nyumba akatoka kwenye tundu.

Ngiri. Dume, meno nje, kichwa kimelowa. (Mnajua kimelowa na nini.)

Mimi sikuamua kitu, miguu ndiyo iliyoamua. Nilimpita mama mkwe kama simjui. Nikaruka kwenye usukani, nikabamiza mlango, nikawasha gari, nikaondoka. Kina mama nyuma wakaanza kupiga kelele. Nikadhani wanamwogopa ngiri, nikaongeza mwendo. Mpaka mwenyekiti wao alipokuja kunikamata bega.

"Wewe kijana, Mama Nakunda umemwacha!"

Nikatazama kiti cha pembeni. Kofia ipo. Mwenye kofia hayupo.

Nikarudi kinyumenyume huku nasali sala zote nilizofundishwa kipaimara, na nyingine nilikuwa nazitunga papo hapo. Nikamkuta amesimama katikati ya barabara, spana begani, mzima wa afya. Ngiri alikuwa ameshajiendea zake vichakani, mkia juu. Nikashuka kumfungulia mlango, shingo imelegea.

"Panda, mama."

Akanitazama taratibu kuanzia usoni, akashuka mpaka kwenye zipu. Ilikuwa bado wazi. Kisha akatazama tairi.

"Limepona?"

Akapanda, akavaa kofia yake, akailaza spana mapajani. Kina mama walijaribu kuimba wimbo wa kanisani ili kunisitiri, lakini hakuna ubeti uliofika mwisho. Mmoja anaguna, wote wanaangua kicheko. Nimeendesha mpaka Same masikio yanawaka moto.

Stendi, Mama Nakunda alishuka wa mwisho. "Barua mlete," akasema, "tulishakubaliana. Ila leo baba yake Nakunda ataniuliza safari ilikuwaje, na mimi ni mtu wa kanisa. Siwezi kusema uongo."

Jioni hii Nakunda kanipigia simu. Nikajua ananiacha. Kumbe hawezi hata kuongea, anacheka tu, na nyuma yake nasikia nyumba nzima inacheka. Halafu sauti ya mzee wake ikauliza, "Yaani alikimbia hajafunga?"

Sasa tatizo ni moja. Mshenga niliyemwandaa ameshazipata habari, kazima simu. Kwa hiyo ndugu zangu, chekeni mpendavyo, ila nawaona. Atakayecheka wa kwanza ndiye atakayepanda Mhezi Jumamosi na barua yangu.