Kamba ya Kengele ya Tallapaha

Jumatatu, 12 Agosti
Jumamosi ni karamu ya mashabiki wa Chuo cha Tallapaha, ya kufungua msimu wa mpira. Atakayeleta chakula kitamu kuliko vyote ndiye atakayepiga kengele uwanjani mechi ya kwanza. Marehemu baba aliipiga. Mimi sijaigusa hata kuifuta vumbi. Kila mwaka ni Verlon Tadlock, jirani yangu, na pudini yake ya ndizi. Alabama nzima hakuna mwingine ajuaye kuponda ndizi? Nimechoka. Nataka kuipiga kabla sijafa, basi.

Alhamisi, 15 Agosti
Nimemwagiza mke wangu Imogene atengeneze pudini ya kumshinda Verlon. Akauliza mikono yangu ina nini. Nikamjibu mimi ni mtu wa mikakati. Alicheka mpaka akakaa chini.

Mkakati wenyewe ni rangi ya chungwa. Ndiyo rangi ya Harmon, mahasimu wetu. Kwetu hata karoti haiingii karamuni. Aletaye kitu cha rangi hiyo hupandishwa kitini aimbe wimbo wa Harmon mbele ya watu, na kengele ataisikia redioni.

Ijumaa, 16 Agosti
Vyakula vimeshalazwa kwenye friji ya ukumbi wa kanisa. Nikajitolea kufagia. Bakuli la Tadlock nililijua mara moja: kitambaa cha kijani kilichotariziwa na Nadine, mkewe. Nikainua krimu kwa kijiko, nikamimina chupa nzima ya rangi ya chakula, nikarudisha krimu kama si mimi. Kidole gumba kimegoma kutakata. Si neno. Leo nalala fofofo.

Jumamosi, 17 Agosti
Nimekwisha.

Mchungaji alichota pudini ya kwanza. Chungwa tupu! Mzee mmoja akavua kofia kama yuko msibani. Nikapaza sauti kuliko wote: mwenye bakuli apandishwe kitini, asihurumiwe! Mchungaji akalinyanyua, akasoma jina lililobandikwa chini. Langu.

Kumbe Nadine alimpa Imogene kile kitambaa, zawadi, naye akafunikia pudini yetu. Mimi jikoni naingia kula tu, ningejuaje?

Niliimba. Beti zote. Watu wakauliza nimezijulia wapi. Kisha nikajifungia chooni nikalia, nalia kweli, nikimkumbuka baba.

Njiani Imogene alikitazama kidole gumba changu, akasema taratibu kwamba mchimba kisima huingia mwenyewe. Nikamwambia kisima kilikuwa cha Verlon.

Jumapili, 18 Agosti
Verlon, mshindi tena, kaja barazani na pudini iliyobaki. Kasema, Hoyt kaka, usijitie unyonge, jikoni kila mtu huharibikiwa. Kisha akaniomba tuishike kamba pamoja, tupige kengele sote wawili, kwa ajili ya mzee wangu. Nikakubali. Baba angefurahi sana.

Lakini pamoja si peke yangu. Mikono yake ikiteleza, kamba itabaki na mwenye haki. Nimemuuliza Imogene siagi iko wapi. Sijui Verlon atashika juu au chini. Nitaipaka kamba yote, nisije nikakosea tena.