Mfalme wa Mwezini na Sauti Zangu Kumi na Moja

Alkhamisi, 10 Julai 1969

Siku kubwa! Kurban kakubali! Tepurekoda yake, ile anayoifunika kitambaa kama mtoto mchanga, itaimeza hadithi yangu. Yangu mimi, Mabrouk, mpima karafuu! Miaka mitatu naiandika kwenye daftari la bohari, nyuma ya mizani, msimamizi akienda kusali. "Mfalme wa Mwezini." Kurasa tisini na mbili. Mpaka leo hapana kiumbe aliyenisikiliza mpaka mwisho. Wanu, mke wangu wa ndoa, huishia ukurasa wa sita. Hapo ndipo hukumbuka chungu jikoni.

Sharti ni moja. Kurban anatengeneza redio za mji mzima lakini kanda anayo moja tu, na Ijumaa ya wiki ijayo anamwoza binti yake Fatmabai. Kanda anaitaka kwa nyimbo za harusi. Basi tumeafikiana. Alkhamisi ijayo, alasiri, hadithi itapigwa kwenye baraza la duka lake hapa Kiponda. Watu wakikaa mpaka mwisho, kanda ni yangu, yeye ataazima nyingine kwa shemeji yake. Wakiondoka, Mfalme atafutwa na juu yake zitaimbwa nyimbo za Fatmabai.

Na redio inasema Wamarekani wanaondoka kwenda huko huko wiki ijayo! Lazima nitangulie. Wakifika wao kwanza, nani atamtaka mfalme wangu?

Msomaji nitakuwa mimi. Nani mwengine?

Ijumaa, 11 Julai 1969

Wahusika kumi na mmoja, sauti kumi na moja. Mazoezi tangu nilipotoka msikitini. Mfalme anasema puani, kwa hiyo naibana pua kwa kibanio cha nguo. Jini mlinzi wa mlango: pamba mashavuni. Chombo cha chuma kinachoruka: natia kichwa ndani ya ndoo. Binti Mfalme: sauti nyembamba kabisa. Jirani kagonga ukuta kuuliza kama paka wetu amekwama dirishani. Nimefurahi sana. Maana yake Binti Mfalme anapenya ukuta wa mawe!

Wanu kasema, kwa upole wake ule unaoniudhi, kwamba mtaa mzima unajua nani fundi wa kuhadithia. Bi Tabia, mshona kofia wa nyumba ya tatu. Kwa nini nisimpe yeye? Bi Tabia! Ana sauti moja tu, tena ndogo. Mtu anahadithia huku ameuma uzi! Nimemwambia Wanu haya ni mambo ya sayansi, hayataki sindano.

Jumamosi, 12 Julai 1969

Nimerekodi. Kurban kabonyeza mwenyewe. Kabla ya hapo kanieleza mara tatu: kifungo chekundu na cheusi kwa pamoja, vidole viwili. Cheusi peke yake, mashine inapiga tu, haichukui kitu. Mtu wa maneno mengi. Nilikuwa nimeshatia pamba, sikuweza kumjibu.

Kisha tukasikiliza. Msiba! Kwenye kanda kuna mtu mwengine! Mwanamume mmoja mwenye sauti ya mbuzi anasoma hadithi yangu neno kwa neno. Nikamuuliza Kurban, kwa adabu, ni nani huyo aliyeingia. Kasema ni wewe, Bwana Mabrouk. Nikacheka. Yeye hakucheka. Nikamwambia mashine yake mbovu. Kasema jana imemchukua mama mkwe wake akikohoa, na kikohozi kimetoka kile kile.

Wasikilizaji walikuwa wanne. Wa kwanza aliondoka kwenye ndoo. Wa pili na wa tatu waliondoka pamoja kwenye skrubu. Kurasa saba nimeeleza skrubu za chombo, moja moja, na hakuna mahali pazuri kuliko hapo! Wa nne alikuwa huyo mama mkwe, Bi Jenabai. Alikaa mpaka mwisho. Kurban alipomgusa bega akaamka.

Kurban kasema nirekodi tena kabla ya Alkhamisi, na safari hii asome Bi Tabia. Sikumjibu. Pamba moja ilikuwa bado haijatoka.

Jumapili, 13 Julai 1969

Khiyana ndani ya nyumba yangu! Wanu kalipeleka daftari kwa Bi Tabia. Bi Tabia anasoma kwa herufi za Kiarabu tu, hizi zetu hazijui, basi Wanu kamsomea. Lote! Kurasa tisini na mbili! Mimi nikimsomea sita, chungu kinaungua.

Nikaenda kulichukua daftari langu. Shikamoo. Marahaba, mwanangu, kaa. Nikakaa. Akaanza maswali, macho kwenye kofia. Huyu mfalme ana mama? Nani anampikia? Akitazama chini anaiona Unguja? Nikamwambia katika sayansi watu hawapikiwi. Akavuta uzi. Halafu akasema yuko tayari kuihadithia, ila skrubu ataziacha, na wale wahusika sita wasio na kazi wapumzike kwao.

Wapumzike kwao! Ulimi ulikuwa umeshaniwasha nimjibu. Ndipo likanijia wazo. Wazo zuri mpaka nikasimama!

Acha arekodi. Mimi nikae karibu nimwibie ujanja wake wote. Kisha nitarekodi juu yake, nimfute, nikiwa na ujanja wake pamoja na sauti zangu kumi na moja. Nani ataondoka barazani hapo? Nikamshukuru sana. Akanitazama kwa muda, akasema karibu tena.

Jumatatu, 14 Julai 1969

Nilifika kwake saa tisa mchana. Kagoma. Hadithi haitolewi mchana, mtu huota mapembe. Nikafunga madirisha yote, nikawasha kandili. Akaniuliza kama na jua huko nje nimelizima. Tukangoja Magharibi.

Baada ya sala Kurban kaleta mashine, kabonyeza (vidole viwili, kanionyesha tena kama mtoto wa chuo cha Kurani), kisha akatoka mbio, kwake kumejaa wageni wa harusi. Magurudumu yanazunguka. Bi Tabia akaitazama mashine juu na chini. Akasema yeye hawezi kulihadithia sanduku, sanduku haliitikii. Hadithi inataka mtu wa kuiitikia, la sivyo yeye anaendelea na kofia yake.

Basi nikaitikia mimi. Kila akipumua, naam. Naam! Naam! Mara mia mbili na zaidi. Na yeye sauti moja, ndogo ile ile. Mfalme, jini, chombo cha chuma, wote sauti moja! Lakini sijui alifanya nini. Mfalme akisema, anaishusha kidogo tu, nami najikuta nimeinama. Palipokuwa na skrubu zangu hakusema kitu. Kimya kitupu, na mimi nikakiona chombo kinapaa! Kamtilia Mfalme mama, jambo ambalo halimo daftarini. Mwisho kamsimamisha Mfalme peke yake ukingoni mwa mwezi, anatafuta taa ya jiko la mamaake huku Unguja, anaita. Naam ya mwisho ikatoka ndogo, imepasuka, haina hata pumzi. Aibu tupu. Bahati njema nitaifuta.

Wanu alikuwa kasimama mlangoni muda wote. Hakukikumbuka chungu hata mara moja.

Ujanja nilioiba: kunyamaza. Nitanyamaza kwa nguvu zaidi kuliko yeye.

Mashine inalala kwangu mpaka Alkhamisi, kwa Kurban hapana nafasi hata ya kuweka birika.

Jumatano, 16 Julai 1969

Wamarekani wameondoka leo! Na mimi pia!

Bohari nimewaambia jino linaniuma. Wanu kenda Bububu kwa mamaake. Nyumba yangu peke yangu. Nikairudisha kanda mwanzo. Nikaizima sauti ya mashine kabisa, Bi Tabia asije akanivuruga ikiwa bado amebakibaki humo ndani. Mkono mmoja umeshika ndoo, kwa hiyo nikabonyeza kwa kidole kimoja, kile kifungo cheusi kilichokuwa karibu. Magurudumu yakaanza kuzunguka vizuri kabisa. Nilijua! Vidole viwili ni mbwembwe za Kurban.

Dakika arubaini na tano. Ah, lau kama dunia ingeniona! Kibanio, pamba, ndoo, kibanio tena. Skrubu zote nimezirudisha. Nimenyamaza mara tisa, kila moja mpaka macho yakanitoka. Binti Mfalme alipolia, paka wa kweli alikuja dirishani.

Sikujisikiliza. Jumamosi nilijisikiliza, nikaugua. Nimeirudisha kanda mwanzo, nimeifunika kitambaa.

Nimeona vibaya kidogo juu ya Bi Tabia, kama dakika mbili hivi. Kisha nikanywa chai.

Alkhamisi, 17 Julai 1969

Naandika kabla hata sijavua kanzu.

Baraza lilijaa mpaka njia ikazibwa. Wageni wa harusi, watu wa sokoni, muuza kahawa. Nilihesabu vichwa arubaini. Kabla ya kuanza, mtu mmoja akauliza: hii ni alasiri, tukisikiliza hadithi mapembe hatuoti? Zogo likazuka. Bi Tabia alikuwa kakaa pembeni na kofia yake. Akasema yeye alihadithia baada ya Magharibi, kama sanduku linataka kuota pembe ni shauri lake. Watu wakaridhika.

Nikasimama. Nikatangaza: sauti kumi na moja, msomaji mmoja! Kurban akafungua sauti, akabonyeza.

"Mimi siwezi kulihadithia sanduku," likasema sanduku.

Baraza zima likaangua kicheko. Mimi roho ilinitoka. Bi Tabia! Yuko wapi Mfalme wangu? Iko wapi ndoo? Nikaruka kuizima mashine. Bi Jenabai akanidaka kanzu, akanivuta kitako kwenye mkeka wake, akasema kaa wewe, usituharibie. Ana mkono wa chuma, yule mama.

Paukwa, ikasema mashine. Pakawa! wakajibu watu arubaini.

Hakuondoka mtu. Nilingoja waondoke, Mungu ananiona, nilimtazama mmoja mmoja usoni. Muuza kahawa aliviweka vikombe vyake chini visigongane. Kila nilipoitikia naam mle kandani, na wao wakaitikia. Ilipofika kimya cha skrubu, mzee mmoja akanyanyua uso juu, anakitafuta chombo angani, mchana kweupe! Na Mfalme alipoita kutoka ukingoni mwa mwezi, hapana aliyethubutu kuitikia. Wote walingoja. Ndipo ikatoka ile naam yangu. Ndogo. Imepasuka.

Bi Jenabai akajifuta macho kwa upande wa kanzu yangu. Mimi nililia. Naliandika jambo hili hapa kwa kuwa hapana atakayelisoma. Miaka mitatu naiandika, sikujua kama ni hadithi ya huzuni.

Watu wakauliza nani huyo aliyemwitikia Mfalme. Bi Tabia akanielekezea sindano. Vichwa arubaini vikanigeukia.

Kurban akanishika mkono. Kasema kanda ni yangu, yeye atamwendea shemeji yake usiku huu huu.

Jumatatu, 21 Julai 1969

Wamefika! Redio imesema asubuhi, watu wametembea juu ya mwezi! Hawakumkuta Mfalme. Hawakumwita, ndiyo maana.

Mtaa umepagawa. Leo alasiri kanda imepigwa mara ya tatu na baraza halikutosha, wengine walikaa mpaka kwenye ngazi ya nyumba ya pili. Mimi na Bi Tabia tumeuzima mwezi wa Wamarekani! Na kila ikifika ile naam ya mwisho, mji unanyamaza. Wanu kaniambia jikoni kwamba hajapata kuisikia sauti yangu nzuri kama pale. Bi Tabia kasema zaidi. Kasema naam ile ndiyo iliyoikamilisha hadithi, kwa sababu pale sikuwa najifanya mtu yeyote.

Nimelifikiria neno hilo kwa makini sana, mchana kutwa, mizani mbele yangu. Na nimelielewa!

Wamenisikiliza mimi. Bi Tabia kahadithia dakika arubaini na tano, hakuna aliyelia. Nimesema mimi neno moja, wamelia wote! Basi kama naam moja, tena mbovu, isiyo na mazoezi, imeliza watu arubaini, itakuwaje nikiisema kwa sauti kumi na moja? Naam ya puani! Naam ya pamba! Naam ya ndani ya ndoo!

Nimemwendea Kurban mbio kumwomba mashine kwa saa moja tu, nirekebishe ule mwisho. Kakataa. Nikamweleza nilivyorekodi Jumatano, kasema nilibonyeza kidole kimoja na ashukuriwe Mungu. Uzushi. Mashine yake ni mbovu, nilimwambia tangu ile Jumamosi. Sasa kaiweka chumbani kwa Bi Jenabai, chini ya kitanda.

Haidhuru. Leo nimeanza daftari jipya: "Malkia wa Zuhura." Wahusika ishirini na wawili, skrubu kurasa kumi na nne. Msomaji ni mimi. Wanu kauliza mbona narudi na ndoo mbili kutoka sokoni.